Ranganathan: Mwalimu wa Hesabu Aliyejenga Elimu ya Wakutubi

Mwalimu anayepangiwa shule ya msingi ya kijijini hukabidhiwa mambo mengi siku ya kwanza. Hukabidhiwa darasa, rejista ya mahudhurio, muhtasari wa masomo, na mara nyingine ufunguo wa kabati la vitabu. Ufunguo huo hutolewa kwa maneno machache, na aghalabu kwa onyo kwamba kitabu chochote kisipotee. Mwalimu mgeni, awe amepelekwa Genkuru katika mkoa wa Mara au kijiji kingine chochote cha nchi yetu, hutambua upesi njia iliyo salama. Kabati likifungwa hakuna kitabu kitakachopotea. Wala hakuna kitakachosomwa.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa namna hiyo bila ya kuutaka. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na alipopewa kazi ya maktaba alitamani kuikimbia. Hatimaye aliifanya kazi hiyo kuwa somo la chuo kikuu hadi shahada ya udaktari. Jina lake ni Shiyali Ramamrita Ranganathan wa India. Wakutubi wa dunia nzima wanamfahamu, lakini walimu wengi hawajapata kusikia habari zake, ingawa alitoka miongoni mwao. Yafaa tumjue, kwa sababu swali aliloliuliza bado linatuhusu: je, mtunza vitabu anahitaji elimu ya juu, na elimu hiyo ni kwa faida ya nani?

Utoto na masomo

Ranganathan alizaliwa tarehe 12 Agosti 1892 katika mji mdogo wa Shiyali, wilaya ya Tanjore, katika jimbo la Madras kusini mwa India. Wakati huo India ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, kama ilivyokuja kuwa Tanganyika baadaye. Baba yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 6. Alilelewa na mama yake pamoja na ndugu wa ukoo, na mmoja wa waliomwongoza utotoni alikuwa babu yake, mwalimu wa shule.

Mtoto huyo alikuwa na kigugumizi. Mwalimu yeyote anajua taabu ya mtoto wa namna hiyo darasani: anajua jibu, lakini ulimi haumtii, na wenzake humcheka kabla hajamaliza neno la kwanza. Ranganathan alijizoeza kwa bidii mpaka udhaifu huo ukapungua sana, na baadaye alikuja kuwa mtu wa kusimama mbele ya madarasa na mikutano maisha yake yote.

Alisoma katika Chuo cha Kikristo cha Madras, akapata shahada ya kwanza mwaka 1913 na shahada ya pili ya hesabu mwaka 1916. Kisha aliingia chuo cha ualimu cha Saidapet, karibu na mji wa Madras. Kuanzia mwaka 1917 alifundisha hesabu katika vyuo vya serikali vya Mangalore na Coimbatore, halafu katika Presidency College ya Madras. Hakupenda kusimama ubaoni na kuhutubu kwa saa nzima huku wanafunzi wakiandika tu. Alipendelea kuwapa maswali, kuwaacha watafute wenyewe, kisha kujadiliana nao juu ya waliyoyapata. Alipenda kufundisha, na wanafunzi walimpenda. Shida yake ilikuwa moja tu, nayo walimu wengi wanaijua: mshahara ulikuwa mdogo.

Ufunguo asioutaka

Mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Madras kilitangaza nafasi ya mkutubi wake wa kwanza. Watu wapatao 900 waliomba kazi hiyo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesomea ukutubi, kwa maana elimu hiyo ilikuwa ngeni nchini. Ranganathan aliomba kwa kusukumwa na marafiki na kwa ajili ya mshahara ulio bora. Juu ya maktaba hakuwa akijua neno. Siku ya mahojiano alifungua ensaiklopedia na kusoma kilichoandikwa humo kuhusu maktaba, akaenda nacho mbele ya waliomhoji. Wakamchagua. Alianza kazi tarehe 4 Januari 1924.

Siku chache zilitosha kumchosha. Aliyezoea sauti za wanafunzi alijikuta peke yake katika jengo lenye ukimya, vitabu vimejaa vumbi na wasomaji hawaonekani. Alikwenda kuwasihi wakubwa wake wamrudishe darasani. Wakamshauri aende kwanza Uingereza kujifunza kazi hiyo, na akirudi akiwa bado anataka kufundisha hesabu, atarudishwa. Akakubali. Septemba 1924 alisafiri.

Huko aliingia shule ya ukutubi ya University College London, iliyokuwa imefunguliwa mwaka 1919. Mwalimu wake mkuu alikuwa W. C. Berwick Sayers, ambaye pia alikuwa mkutubi mkuu wa mji wa Croydon. Sayers alitambua haraka kwamba mwanafunzi huyu haridhiki na mihadhara, akamshauri azunguke akaone maktaba zinavyofanya kazi. Ranganathan alitembelea maktaba zaidi ya 100.

Safari hiyo ndiyo iliyombadilisha. Aliona watoto wakiingia maktaba baada ya shule na kuchagua vitabu wenyewe. Aliona wafanyakazi wa viwanda na akina mama wa nyumbani wakiazima vitabu kama haki yao ya kawaida. Akalinganisha na kwao, ambako maktaba ilikuwa ghala lililofungwa, na mlinzi wake alihesabiwa kuwa hodari kwa kuwazuia watu wasiguse vitabu. Hapo alifahamu kuwa hakuacha ualimu alipoingia maktaba. Alikuwa amepewa darasa kubwa zaidi. Aliporudi Madras mwaka 1925 hakuomba tena kurudishwa kwenye hesabu.

Vipande vya chuma na vitabu

Akiwa London, siku moja aliingia katika duka kubwa la Selfridges. Akamwona muuzaji akionyesha kifaa cha kuchezea watoto kiitwacho Meccano: vipande vya chuma vyenye matundu, pamoja na skrubu na nati zake. Kwa vipande vilevile muuzaji aliunda gari, akavifungua akaunda winchi, akavifungua tena akaunda kitu kingine. Mwanahesabu yule akasimama kutazama, akapata jibu la jambo lililokuwa likimsumbua.

Maktaba nyingi za wakati ule, kama ilivyo katika maktaba nyingi za Tanzania hata leo, zilipanga vitabu kwa utaratibu wa Mmarekani Melvil Dewey, uliotolewa mwaka 1876. Dewey aligawa elimu yote katika mafungu 10, kila fungu likagawika mara 10, na kuendelea hivyo, mfano wa mti na matawi yake. Ranganathan aliona kwamba mada mpya huzaliwa kila siku, na nyingi hazitoki katika tawi moja bali hukutanisha matawi kadhaa. Akaamua kuwa badala ya kuandaa orodha ndefu ya mada zote, mkutubi apewe vipande vichache ambavyo ataunganisha mwenyewe kulingana na kitabu kilichopo mbele yake.

Tuchukue mfano. Kitabu kinaeleza namna ya kuhifadhi maziwa ya ng'ombe wilayani Tarime mwaka 1980. Ndani yake mna vipande vitano: ng'ombe, ambaye ndiye jambo lenyewe, maziwa, ambayo ni mali inayotokana naye, kuhifadhi, ambalo ni tendo, Tarime, mahali, na mwaka 1980, wakati. Ranganathan alikuja kueleza kuwa kila mada inaweza kuchambuliwa kwa njia hiyo. Utaratibu wake, uliochapishwa mwaka 1933, uliitwa kwa jina la alama ya nukta mbili, kwa kuwa alama hiyo ndiyo aliyoitumia kuunganishia vipande.

Mwalimu asidhani kwamba jambo hili liko mbali na darasa lake. Mtoto anayeambiwa atafute habari, akajiuliza habari hizo zinahusu nini, tendo gani, wapi na lini, anafanya uchambuzi uleule. Huo ni mwanzo wa kufikiri kwa mpango.

Sheria tano

Mwaka 1928 ulikuwa mgumu kwake, kwani mkewe Rukmini alifariki katika ajali. Mwishoni mwa mwaka uliofuata alimwoa Sarada, ambaye tutakutana na jina lake tena. Katika mwaka huohuo wa msiba, Ranganathan na wenzake waliunda Chama cha Maktaba cha Madras. Na mwezi Desemba, katika mkutano wa elimu wa jimbo, alieleza kwa mara ya kwanza kanuni alizoziita sheria tano za elimu ya maktaba. Waliomsikiliza walikuwa watu wa elimu. Kitabu chake juu ya sheria hizo kilitoka mwaka 1931.

Sheria ya kwanza inahusu matumizi: kitabu kipo ili kitumiwe, si ili kitunzwe tu. Ya pili inamtazama msomaji: kila mtu, awe tajiri au maskini, mjini au kijijini, anastahili kupata kitabu kinachomfaa. Ya tatu inakitazama kitabu: hakuna kitabu kisichokuwa na mtu wake, na ni kazi ya mkutubi kuwakutanisha. Ya nne inadai msomaji asipotezewe wakati. Ya tano inakumbusha kuwa maktaba hukua kama kiumbe hai, kwa hiyo isiyobadilika hufa.

Sheria hizi zaonekana nyepesi, na wapo waliozicheka kwa wepesi wake. Lakini tuzitazame kazini. Ukikubali sheria ya kwanza huwezi tena kufunga kabati kwa hofu ya kupotelewa. Ukikubali ya pili huwezi kuridhika na maktaba ya makao makuu ya mkoa peke yake. Ranganathan mwenyewe hakuridhika. Mwaka 1931, huko Mannargudi katika wilaya aliyozaliwa, ilianzishwa maktaba juu ya gari la kukokotwa na maksai, nayo ikapita vijijini ikiazimisha vitabu. Katika nchi ya Tarime na Serengeti, ambako maksai wanajulikana kwa kulima na kubeba mizigo, hatuhitaji maelezo marefu kuelewa jambo hilo. Chombo kilikuwa kilekile cha mkulima. Kilichokuwa kipya ni shehena yake.

Kutoka cheti hadi udaktari

Sasa tufike kwenye kiini cha maisha yake. Ranganathan aliona kuwa maktaba nzuri haziwezi kuwapo bila watu waliofundishwa. Mwaka 1929 Chama cha Maktaba cha Madras kilianza mafunzo ya muda mfupi ya kutoa cheti. Mwaka 1931 Chuo Kikuu cha Madras kiliyachukua mafunzo hayo. Mwaka 1937 yalipandishwa yakawa stashahada ya mwaka mmoja kwa watu wenye shahada ya kwanza. Baada ya kuitumikia Madras kwa miaka 20 na zaidi, alikwenda Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras mwaka 1945, kisha Chuo Kikuu cha Delhi mwaka 1947, mwaka uleule India ilipopata uhuru. Huko Delhi masomo ya ukutubi yalifikishwa kwenye shahada ya pili, na mlango wa udaktari ukafunguliwa. Mwaka 1957 Delhi ilitoa shahada ya udaktari ya kwanza ya ukutubi nchini India.

Walikuwapo wengi waliouliza faida ya jambo hilo. Kupanga vitabu, walisema, ni kazi ya karani. Kwa nini mtu asome miaka mingi ili aweke kitabu kwenye rafu? Tukizifuata kazi zake tunaona majibu matatu.

Kwanza, anayepanga elimu sharti aijue elimu. Karani anaweza kuandika namba aliyopewa. Lakini kuamua kitabu kinahusu nini hasa, na nani atakihitaji, ni kazi ya akili iliyofunzwa.

Pili, kila fani inayotegemea desturi peke yake hukwama mambo yanapobadilika. Mwenye kujua sababu za desturi anaweza kuibadilisha, na mwenye kujua desturi tu hubaki akiirudia. Hivyo ndivyo ilivyo pia katika ualimu: anayejua andalio la somo kwa kukariri hupotea siku darasa likiwa na watoto 90 na vitabu 6.

Tatu, nchi iliyopata uhuru haiwezi kuagiza walimu wa wakutubi wake kutoka ng'ambo siku zote. Lazima iwe na watu wake wa kuuliza maswali yanayotokana na lugha zake, vijiji vyake na mahitaji ya wasomaji wake.

Ranganathan hakuishia kwenye hoja. Mwaka 1956, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 60 ambaye hakuwahi kuwa tajiri, alitoa rupia 100,000, akiba ya maisha yake na mkewe, kwa Chuo Kikuu cha Madras ili kuanzisha kiti cha uprofesa wa ukutubi. Kiti hicho kiliitwa kwa jina la mkewe, Sarada. Kwa hiyo familia iliyoishi maisha ya kawaida kabisa ililipia elimu ya juu ya watu ambao haikuwajua.

Mwaka 1962 alianzisha Bangalore kituo cha utafiti na mafunzo ya uhifadhi wa taarifa, na mwaka 1965 serikali ya India ilimteua kuwa profesa wa taifa wa utafiti. Aliendelea kuandika na kufundisha hadi alipofariki tarehe 27 Septemba 1972. Kila tarehe 12 Agosti wakutubi wa India huiadhimisha siku aliyozaliwa.

Upande wa upungufu

Si haki kumsimulia mtu kana kwamba hakukosea. Utaratibu wake wa uainishaji ulikuwa mgumu kwa mkutubi wa kawaida. Tena aliubadilisha mara kwa mara katika matoleo mapya, na maktaba iliyokwisha kuandika namba kwenye migongo ya vitabu elfu nyingi ilitakiwa kuzifuta na kuanza upya. Ndiyo sababu maktaba chache tu ndizo zilizoufuata, ingawa fikra zake zimeingia katika taratibu nyingine nyingi, hata katika zile zinazotumiwa kupanga taarifa kwa kompyuta. Hapa pana fundisho kwa mwalimu: njia iliyo bora katika fikra yaweza kushindwa darasani ikiwa haimjali yule atakayeitumia kila siku.

Mustakabali wa elimu hiyo

Elimu ya juu ya wakutubi haikuwa na maisha ya raha kila mahali. Marekani ndiko ilikoanza. Dewey alifungua shule ya kwanza ya ukutubi katika Columbia mwaka 1887, na Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha mwaka 1926 shule ya kwanza iliyofundisha hadi udaktari. Shule hizo mbili maarufu hazipo tena: ya Chicago ilifungwa mwaka 1989, na ya Columbia mwaka 1992. Shule nyingine zimeondoa neno maktaba katika majina yao na kuweka neno habari. Kompyuta zinatafuta kwa nukta chache kile ambacho mkutubi alikitafuta kwa saa nzima. Swali la makarani wa Madras limerudi likiwa limevaa nguo mpya: ikiwa mashine inatafuta, kuna haja gani ya mkutubi mwenye shahada ya pili?

Katika Afrika Mashariki safari hiyo ilianza baadaye. Mwaka 1963 shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilifunguliwa Makerere, nchini Uganda, na mwaka huohuo Tanganyika ilitunga sheria ya kuunda huduma za maktaba za taifa. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama mkoani Mara, tarehe 9 Desemba 1967. Chuo cha ukutubi cha Bagamoyo kilianza mwaka 1989 kwa ajili ya ngazi za cheti na stashahada, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza shahada ya pili ya taaluma ya habari mwaka 1997. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilikwisha kuanzisha kitivo cha sayansi ya habari mwaka 1988. Kwa hiyo ngazi alizozijenga Ranganathan, kutoka cheti hadi shahada za juu, nasi tunazo.

Lakini ngazi huegemea ukuta, na ukuta wenyewe ni wasomaji. Hapa ndipo maisha ya Ranganathan yanapotoa onyo. Elimu ya juu ya wakutubi ikitazama mashine peke yake itashindana na mashine, na katika mashindano hayo haitashinda. Ikitazama vyeo na ofisi za mjini, itazaa wataalamu wa maktaba zisizo na wasomaji. Nguvu yake iko katika jambo ambalo Ranganathan aliliona kwa watoto wa maktaba za Uingereza na akalifuata kwa gari la maksai: kumjua msomaji, na kumpelekea kitabu chake.

Basi nani anamjua msomaji wa Genkuru? Si mashine, wala si profesa aliye mbali. Anayemjua ni mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye humpokea mtoto anayesema Kikurya au lugha nyingine ya nyumbani, na kumwingiza katika Kiswahili cha kitabu. Mwalimu huyo ndiye anayeona ni hadithi gani iliyomfanya mtoto asahau kengele ya mapumziko, na ni kitabu gani kilichorudishwa bila kufunguliwa. Mkutubi mwenye shahada anaweza kuchagua, kupanga na kusambaza vitabu kwa mkoa mzima; lakini atafanya hivyo gizani iwapo hakuna mwalimu anayemletea habari hizo. Na mtoto asiyepata kitabu leo hatakuwa mkutubi kesho, wala hatadai maktaba akiwa mtu mzima, wala hatapiga kura kwa ajili yake akiwa diwani.

Yampasayo mwalimu

Ndugu mwalimu, huhitaji kusubiri chumba cha maktaba ndipo uzifuate sheria tano. Kabati moja latosha kuanzia.

Lifungue kwa saa zinazojulikana, na wanafunzi wajue siku zao za kuazima. Weka daftari la kuazimia lenye jina la mtoto, jina la kitabu, tarehe ya kuchukua na ya kurudisha. Wafundishe wanafunzi wa madarasa ya juu kuliandika wenyewe. Panga vitabu kwa mafungu ambayo watoto wanayaelewa: hadithi, wanyama, kilimo, historia, afya. Wape kazi ya kuamua kitabu kipya kiingie fungu gani, na waeleze sababu. Hilo lenyewe ni somo zuri la Kiswahili na la kufikiri. Kila mwezi soma daftari lako ujue vitabu visivyoazimwa, kisha umsomee darasa kurasa mbili za kimojawapo, kwa kuwa mara nyingi kitabu hakikukataliwa bali hakikujulikana. Kitabu kikichakaa kwa kusomwa, kiandike kuwa kimetumika, usimwadhibu mtoto. Kikipotea, tafuta kwa upole. Hasara ya kitabu kimoja ni ndogo kuliko hasara ya watoto 40 waliojifunza kuogopa kabati.

Mwisho, andika uliyoyaona na uyapeleke kwa mkutubi wa mkoa. Maktaba ya mkoa iko Musoma, na maoni ya mwalimu wa kijijini ndiyo macho yake. Huenda siku moja mwanafunzi wa shahada ya pili akatafuta kujua watoto wa vijiji vya Mara wanasoma nini. Daftari lako litakuwa na jibu.

Ranganathan alikabidhiwa ufunguo akiwa haujui mlango wake, akataka kuurudisha. Alipofungua, alikuta darasa. Ufunguo kama huo unawasubiri wengi wenu katika ofisi ya mwalimu mkuu, pengine umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Mkifika, uombeni.

Maswali ya kujadili

1. Ranganathan alisema kuwa kila kitabu kina msomaji wake. Katika shule uliyofanyia mazoezi ya kufundisha, ni vitabu gani havikusomwa, na unadhani ni kwa nini?

2. Andaa somo la dakika 40 la darasa la tano ambamo wanafunzi watapanga vitabu 20 katika mafungu waliyoyachagua wenyewe. Eleza utakavyowaongoza watakapotofautiana.

3. Je, ni afadhali nchi itumie fedha kuwasomesha wakutubi wachache hadi shahada za juu, au kuwapa walimu wengi mafunzo mafupi ya kutunza maktaba za shule? Tetea jibu lako kwa kutumia maisha ya Ranganathan.